Kusimama, Kufa au Kugawanyika Vibaya: Shajara ya Mradi wa Seli za HCT116 Zilizovunjwa DNA

8 Januari: Swali na koo mbili za seli

Mradi huu unauliza jambo moja. Seli ya saratani inapovunjika DNA yake na kuacha kugawanyika, je, imesimama ili ijitengeneze, imesimama moja kwa moja, inakufa polepole, au inasubiri tu kizuizi kilegee ili iendelee na kromosomu zake zilizovunjika? Katika vipimo vingi vya kawaida hali hizi nne hufanana, kwa kuwa kipimo huchukuliwa mara moja, na seli inayongoja haina alama usoni inayoonyesha itakapoishia.

Tumechagua ukoo wa HCT116, uliotokana na saratani ya utumbo mpana wa mwanamume mtu mzima. Ukoo huu bado una jeni ya p53 iliyo nzima, jeni ya protini inayoizuia seli isigawanyike DNA yake ikiwa imevunjika, ambayo huharibika katika takriban nusu ya saratani za binadamu. Zaidi ya hayo, lipo tawi lake lililoondolewa jeni hiyo katika maabara ya Bert Vogelstein. Ni kwa kutumia tawi hilo ndipo Fred Bunz na wenzake walipoonyesha, mwaka 1998, kwamba bila p53 au p21 (protini inayotengenezwa kwa amri ya p53) seli haziwezi kudumu katika kizuizi cha G2, awamu ya mwisho kabla ya mitosi, yaani mgawanyiko wenyewe. Hatudai kugundua jambo hilo upya. Lengo letu ni kuandika njia inayotenganisha yale majibu manne bila vifaa vya kifahari, ili mwenye saitometa ya mtiririko (mashine inayopima mwanga wa seli moja moja) na hadubini ya mng'aro aweze kuirudia.

Muundo wenyewe ni huu, kwa ufupi. Nyuzi mbili za DNA zikikatika, kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti) ya ATM huamka na kubandika fosfeti kwenye histoni H2AX, protini ambayo DNA huizunguka, pale kwenye serini ya 139, na pia huamsha kinasi nyingine, Chk2. Panapokuwa na uzi mmoja uliobaki wazi, kama pale unakilishaji unapokwama, ATR ndiyo huamka na kuamsha Chk1. Hizi huizuia CDC25 isiondoe breki ambayo kinasi ya Wee1 imeiweka kwenye CDK1, kinasi inayoisukuma seli kwenye mitosi, na seli hubaki mlangoni mwa mitosi. Mkono huu wa kwanza hufanya kazi upesi kwa sababu hauhitaji protini mpya. Mkono wa pili ni wa p53: huokolewa isiharibiwe na MDM2 (protini ambayo kwa kawaida huiangamiza), hujikusanya katika kiini, na kuamuru itengenezwe p21, ambayo huzishika CDK kwa muda mrefu. Mkono wa kwanza hufunga mlango, wa pili huuweka umefungwa. Karibu kila kosa la kipimo lililoandikwa hapa chini linatokana na kuangalia mlango wakati ambapo mkono mmoja tu ndio unaoushikilia.

19 Januari: Kuhakiki seli

Utambulisho wa koo zote mbili umethibitishwa kwa alama za vinasaba. Jaribio rahisi zaidi, ambalo tunapendekeza lirudiwe kila chupa mpya inapotolewa kwenye barafu, ni la nutlini-3, kikemikali kinachoizuia MDM2 isiishike p53. Seli zenye p53 huacha kuongezeka bila DNA kuvunjwa hata kidogo, na zile zisizo nayo huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Jibu linapatikana kwa hadubini ya kawaida na uvumilivu wa siku chache.

Kundi la kwanza la seli zisizo na p53 limetupwa lote. Rangi ya DAPI, ambayo hung'aa inaposhika DNA, ilionyesha nukta ndogondogo nje ya viini: mikoplazma, bakteria wadogo sana. Viumbe hawa hawana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini inayowekwa kwenye myeyusho wa lishe haiwagusi, na myeyusho haukuwa umebadilika rangi wala kuwa na ukungu. Hasara ni chupa zote zilizokuwa zikikua pamoja na vipimo vya majaribio vilivyokuwa vimefanywa juu yake, kwa kuwa mikoplazma hubadilisha kasi ya mgawanyiko na kula vijenzi vya DNA vilevile ambavyo sisi tunataka kuvipima. Hatukujaribu kuzitibu. Tumeanza na chupa nyingine ya akiba.

6 Februari: Dawa inayong'aa yenyewe

Dawa ya kwanza ilikuwa doksorubisini, kwa sababu ndiyo inayotajwa mara nyingi na inavunja DNA kwa uhakika. Baada ya kuigusa, seli zilihifadhiwa katika ethanoli baridi ya asilimia 70, zikaondolewa RNA kwa kimeng'enya, zikapakwa iodidi ya propidiamu na kupitishwa kwenye saitometa. Kwa kawaida picha huwa na vilele viwili, kimoja cha seli zenye DNA ya kiasi cha 2N (awamu ya G1, kabla ya kunakili) na kingine cha 4N (zilizokwisha kunakili, kama zile za G2), na kati yao bonde la seli zinazonakili, yaani awamu ya S.

Picha iliyotoka haikuwa na maana. Vilele vilipanuka na kuhama mahali pake, na kadiri kipimo cha dawa kilivyopanda ndivyo vilivyozidi kuhama, kana kwamba kiasi cha DNA ndani ya seli moja kinaweza kutofautiana kwa sehemu ndogondogo. Sababu ilijulikana pale sampuli zenye dawa lakini zisizo na rangi zilipopitishwa peke yake. Ziling'aa katika dirisha lilelile la rangi nyekundu. Doksorubisini huingia katikati ya ngazi za DNA, hung'aa ikipigwa na leza ya bluu, na isitoshe hugombania nafasi na rangi tunayoitumia kupima. Sampuli hii isiyo na rangi inapaswa kuwamo katika kila jaribio lenye dawa ngeni, na inagharimu mrija mmoja tu.

Tulifikiria kubadilisha rangi na kubaki na dawa, tukaona heri kubadilisha dawa. Sisplatini haikufaa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba HCT116 haina MLH1, protini ya urekebishaji wa herufi zisizooana, na upungufu huo hubadilisha namna seli inavyoitikia sisplatini hata kabla p53 haijatajwa. Ya pili ni ya mezani: sisplatini ikiyeyushwa katika kiyeyushi cha DMSO hupoteza nguvu, kwa kuwa DMSO hujibandika kwenye platinamu, na DMSO ndiyo tuliyotumia kuyeyusha kila kitu kingine. Tumechagua etoposidi.

20 Februari: Kiasi na muda wa etoposidi

Etoposidi hukinasa kimeng'enya cha topoisomerasi II wakati kimekata nyuzi zote mbili na hakijaziunganisha tena. Ukiiosha, sehemu kubwa ya mikato hiyo hujifunga upesi. Kwa hiyo dozi ya saa moja na dozi inayobaki mpaka mwisho ni majaribio mawili tofauti, hata kama kiasi kilichoandikwa kwenye daftari ni kilekile.

Kwa mikromola 10 zilizoachwa mfululizo, seli nyingi zilikwama katikati ya awamu ya S na hazikufika G2, kwa hiyo swali letu juu ya mlango wa mitosi halikuweza hata kuulizwa. Kwa mikromola 1, koo zote mbili zilifika kwenye mlango huo. Tumebaki na kiasi hicho, tukaweka DMSO isizidi asilimia 0.1 katika kila sahani, ikiwemo ile isiyopewa dawa.

5 Machi: Tumeacha kulinganisha seli kwa thimidini

Mpango wa awali ulitaka seli zote zianzie mahali pamoja, kwa kuzizuia mara mbili kwa thimidini ya milimola 2 kisha kuziachia zikimbie pamoja kuelekea G2. Ziliachiwa vizuri na picha za saitometa zilipendeza kuliko zote tulizowahi kupata katika mradi huu.

Hata hivyo, sahani za kulinganishia, ambazo hazikuguswa na etoposidi kabisa, zilikuwa na alama za H2AX yenye fosfeti. Thimidini ikizidi huvuruga uwiano wa vijenzi vya DNA, uma wa unakilishaji (mahali nyuzi zinapoachana ili zinakiliwe) hukwama, ATR huamka, na baadhi ya uma hizo huishia kuvunjika. Yaani njia ya kuziweka seli katika mstari ilikuwa tayari imeziamsha zile kinasi tunazotaka kuzipima. Katika ukoo wenye p53, seli zingeingia kwenye jaribio zikiwa tayari na p21 juu kidogo, na tofauti kati ya koo mbili ingeonekana kubwa kuliko ilivyo.

Badala yake, seli zinaachwa zigawanyike ovyo kama kawaida yake, na muda mfupi kabla ya dawa zinapewa EdU, ambayo huingizwa kwenye DNA mahali pa thimidini. Zilizokuwa zikinakili wakati huo hubaki na alama, na baadaye tunaweza kuzifuata hizo peke yake kutoka S kwenda G2 na kuendelea. Picha haipendezi tena kama ile ya thimidini, lakini inaweza kuaminika. Kwa maoni yangu, mradi wowote unaohusu mwitikio wa uharibifu wa DNA na unaoanza kwa thimidini unapaswa kuonyesha kwanza sahani zake zisizo na dawa.

21 Machi: Fosfeti zinazotoweka

Protini zilitolewa, zikatenganishwa kwenye jeli, zikahamishiwa kwenye utando na kutambuliwa kwa kingamwili. p53 na p21 zilionekana bila shida: zilipanda katika ukoo wa kwanza, na katika ukoo wa pili p53 haikuwepo na p21 ilibaki chini. Chk1 yenye fosfeti haikuonekana katika ukoo wowote, ilhali Chk1 yenyewe ilikuwepo tele.

Mambo mawili yalirekebishwa kwa pamoja, kwa hiyo hatuwezi kusema lipi lilichangia zaidi. Myeyusho wa kupasulia seli haukuwa na vizuizi vya vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti, na vimeng'enya hivyo huendelea na kazi yake ndani ya mrija muda mfupi baada ya seli kupasuka. Sasa vizuizi vinaongezwa siku ileile na kila kitu kinabaki kwenye barafu. Pia, utando ulikuwa ukifunikwa kwa maziwa ya unga, ambayo yamejaa kaseini, protini yenye fosfeti nyingi inayoweza kuongeza ukungu kwa kingamwili za aina hii. Tumehamia albumini ya ng'ombe ya asilimia 5. Alama ya Chk1 sasa inaonekana wazi katika koo zote mbili, na ndivyo inavyotarajiwa, kwani mkono wa kwanza hauitegemei p53.

9 Aprili: Saa 24, na seli zilizokuwa zikimwagwa

Hatua hii ndiyo iliyoula muda mwingi kuliko zote.

Saa 24 baada ya etoposidi, ukoo wenye p53 uligawanyika sehemu mbili, baadhi ya seli zikiwa G1 na nyingine zikiwa na DNA ya 4N, na ukoo usio na p53 ulirundikana karibu wote kwenye 4N. Mtu akiishia hapo ataandika kwamba ukoo wa pili una kizuizi imara cha G2, pengine imara kuliko wa kwanza. Lakini iodidi ya propidiamu ni mizani: husoma uzito wa gunia, haisemi ndani mna nini. Seli iliyo G2, seli iliyo katikati ya mitosi, na seli mbili za G1 zilizogandana zote zina uzito wa 4N. Zilizogandana huondolewa kwa kulinganisha upana na urefu wa ishara kwenye saitometa, na hilo tulikuwa tukilifanya tangu mwanzo. Zilizobaki zilihitaji alama ya pili, histoni H3 yenye fosfeti kwenye serini ya 10, ambayo huwaka seli inapokuwa kwenye mitosi.

Alama hiyo ilitoa idadi ndogo mno ya seli za mitosi, hata katika sahani zisizo na dawa. Ilikuwa ndogo kuliko tulivyoona kwa macho kwenye hadubini, na tofauti hiyo ndiyo iliyotuongoza kwenye chanzo. Seli inayoingia mitosi hujikunja kuwa duara na kulegea kutoka sakafuni mwa sahani. Utaratibu wa kawaida wa kuvuna seli unaanza kwa kumwaga myeyusho wa zamani, kuosha, kisha kuweka tripsini, kimeng'enya kinachozing'oa. Kila tulipoosha, tulikuwa tukizimwaga seli za mitosi, na pamoja nazo zile zinazokufa, ambazo nazo huelea. Kilichobaki sahanini kilikuwa ni seli zile tu ambazo zimesimama kwa utulivu, na ndiyo maana kila kitu kilionekana kusimama.

Sasa myeyusho wa zamani, maji ya kuoshea na seli zilizong'olewa vinakusanywa katika mrija mmoja. Marekebisho haya yalileta tatizo jipya papo hapo: wastani wa H2AX yenye fosfeti ulipanda ghafla katika kila sampuli yenye dawa. Seli inayokufa kwa kujiua huikatakata DNA yake yenyewe, na kiini kizima huwaka alama hiyo, si kwa sababu etoposidi imeikata bali kwa sababu seli imekata tamaa. Wastani wa mwangaza hautofautishi mambo hayo mawili. Kwa hiyo H2AX inahesabiwa kwenye hadubini, nukta kwa nukta, na viini vilivyowaka kote vinawekwa kwenye safu yake peke yake katika jedwali.

Kisha tuliweka mtego. Nokodazoli, nanogramu 100 kwa mililita, huvunja nyuzi za mgawanyo na kuizuia seli isitoke kwenye mitosi. Kila seli inayovuka mlango wa G2 inanaswa na kuhesabiwa. Katika ukoo wenye p53, seli za mitosi zilibaki chache kwa muda wote tulioangalia. Katika ukoo usio nayo, zilianza kuongezeka kadiri saa zilivyosonga baada ya zile 24 za mwanzo. Kile kilichoonekana kuwa kizuizi imara kilikuwa mkono wa kwanza peke yake, ukilegea taratibu.

Mtego huu una kikomo chake. Seli ikikaa kwenye nokodazoli muda mrefu mno, hatimaye huponyoka bila kugawanyika na kurudi kwenye hali ya G1 ikiwa na DNA ya 4N, na kukwama huko kwa muda mrefu huiamsha p53 kivyake. Tunaiongeza baada ya dawa, kwa dirisha la saa chache kila mara, badala ya kuiacha tangu mwanzo.

30 Aprili: Kilele kilichokuwa nje ya karatasi

Katika vipimo vya siku ya tatu, ukoo usio na p53 ulionekana kupoteza seli ambazo hazikuonekana popote: hazikuwa zimekufa, hazikuwa G1, hazikuwa 4N. Mashine ilisema imezipitisha, picha haikuzionyesha.

Zilikuwa zimerundikana kwenye ukingo wa kulia kabisa wa mhimili. Saitometa ilikuwa imewekwa ili vilele vya 2N na 4N vikae vizuri katikati ya picha, na seli zenye 8N hazikuwa na nafasi. Ishara ya rangi ilipopunguzwa ili 2N ikae chini ya robo ya mhimili, kilele cha tatu kilijitokeza. Hadubini ilithibitisha: viini vikubwa visivyo na umbo, vingine vimegawanyika vipandevipande, vingine viwili ndani ya seli moja. Hizi ni seli zilizoingia mitosi na kromosomu zilizovunjika, zikashindwa kuzigawa, kisha zikaanza kunakili upya.

Faili zote za siku ya tatu zilizokuwa zimehifadhiwa kabla ya marekebisho haziwezi kuokolewa, kwa kuwa ishara iliyozidi ukomo haikurekodiwa kwa thamani yake. Zimerudiwa.

22 Mei: Uzee wa seli na gesi ya inkubeta

Ilibaki kujua hatima ya seli zenye p53, ambazo zilikuwa zimesimama bila kufa. Ziliondolewa dawa, zikaachwa, kisha zikapakwa rangi ya bluu inayotokana na kimeng'enya cha beta-galaktosidasi katika pH 6.0, alama inayotumika kutambua seli zilizozeeka.

Sahani zote ziligeuka bluu, hata zisizopewa dawa. Kimeng'enya hiki kipo katika lisosomu (vifuko vya kumeng'enyea) za karibu kila seli na hufanya kazi vizuri zaidi katika asidi kali, na ni kule kuonekana kwake kwenye pH 6.0 kunakotofautisha seli zee. Sahani zilikuwa zimewekwa ndani ya inkubeta ya seli, ambamo kaboni dayoksaidi huyeyuka na kushusha pH ya myeyusho. Zilipohamishiwa kwenye inkubeta ya joto lilelile isiyo na gesi hiyo, sahani za kulinganishia zilibaki nyeupe. Tahadhari nyingine ni msongamano: seli zilizojaa sahani mpaka kugusana huweza kuwa bluu bila kuzeeka, kwa hiyo zinapandwa chache.

Baada ya marekebisho hayo, seli nyingi za ukoo wenye p53 zilikuwa pana, bapa na za bluu. Chache hazikuwa hivyo, na baada ya dawa kuondolewa zilirudi kugawanyika na kuunda koloni. Kwa jicho la mwenye kutafuta tiba, hizo chache ndizo zenye habari: kusimama kunaweza kumwokoa mgonjwa au kuiokoa saratani, kulingana na kinachofuata. Leland Hartwell na Ted Weinert walionyesha upande huo wa pili kwenye hamira mwaka 1988. Chembe zisizo na jeni ya RAD9 zilikufa kwa mionzi kwa sababu hazikusimama, na ziliposimamishwa kwa kemikali katika G2 nyingi zaidi zilipona.

11 Juni: Kizuizi cha Wee1, hatua iliyo mezani

Ikiwa ukoo usio na p53 unategemea mkono wa kwanza peke yake, kuondoa breki ya Wee1 kwa adavosertibu kungepaswa kuzisukuma seli zake kwenye mitosi mapema, zikiwa bado zimevunjika. Jaribio la kwanza lilileta hivyo hasa: H3 yenye fosfeti ilipanda upesi, na fosfeti kwenye tirosini ya 15 ya CDK1 ilitoweka.

Hata hivyo hatujalikubali jibu hilo. Adavosertibu peke yake, bila etoposidi, iliongeza nukta za H2AX katika seli zenye alama ya EdU. Wee1 huishika pia CDK2, na CDK zikiachiwa katika awamu ya S, unakilishaji huanzishwa mahali pengi kuliko kawaida, vijenzi hupungua, na uma huvunjika. Kwa hiyo sehemu ya seli zinazokufa huenda hazifi kwa kuvuka mlango zikiwa na majeraha ya etoposidi, bali kwa majeraha mapya ambayo adavosertibu yenyewe imeyafanya.

Kuvitenganisha hivyo viwili kunategemea wakati. Etoposidi inatangulia, EdU inatolewa mwishoni ili kuzitambua seli ambazo bado zinanakili, na adavosertibu inaongezwa pale tu seli nyingi zinapokuwa zimefika 4N. Katika hesabu, seli zenye EdU zinaondolewa kwanza, na ndipo H3 na H2AX zinasomwa kwa zilizobaki. Sahani zenye adavosertibu pekee zinakwenda sambamba katika kila saa ya kuvuna, koo zote mbili, pamoja na sahani za koloni zilizopandwa siku ileile. Koloni zikihesabiwa, namba zitaongezwa chini ya tarehe yake.